Animesheni kwa simu na kaunta buku: anzia kwenye kizibo cha soda

Kabla hujapakua apu yoyote kachukue kizibo cha soda. Kiweke mezani upande wa kushoto, simu iegemeze kwenye glasi isitikisike, piga picha, sogeza kizibo kidogo kama upana wa kucha ya kidole gumba, piga tena, sogeza, piga, mpaka zifike picha 24 hivi. Alafu ingia galari, fungua ya kwanza uzipitishe kwa kidole haraka haraka. Kizibo kinatembea. Hapo tayari ushatengeneza animesheni na hujachora hata mstari mmoja, kwaiyo mtu akikwambia mimi siwezi hii kitu sababu sijui kuchora mwambie akatafute kizibo.

Nimeanza hivyo makusudi, maana kila anayeniuliza habari za katuni swali lake la kwanza ni apu gani inafaa. Apu tutaongea baadae. Cha kuangalia kwanza ni pengo kati ya picha moja na inayofuata. Jicho likipewa picha zinazofanana zimepishana kidogo, haraka haraka, ubongo wenyewe unajaza katikati na unaona kitu kinakwenda. Mapengo madogo, kitu kinaenda taratibu. Makubwa, kinaenda mbio. Yakiwa sawa sawa yote kinaenda kama kinavutwa na kamba, na yakianza madogo yakawa yanakua, kitu kinaonekana kina uzito na kinaanguka. Aina zote nitakazozitaja huku chini, ya kuchora, ya makaratasi, ya udongo, ya kompyuta, zinapishana tu kwenye nani anayapanga hayo mapengo na anatoka jasho la aina gani.

Tuongee namba kidogo alafu tuachane nazo. Sinema inatembea fremu 24, yani picha 24, kila sekunde, TV za mfumo wetu huku 25, na simu yako ikirekodi video ya kawaida mara nyingi ni 30. Ila wachoraji tangu zamani hawachori zote 24, wanachora 12 na kila mchoro unakaa fremu mbili, jicho linakubali kabisa. Ukishuka mpaka nane bado inaangalika kwa kitu kinachokwenda polepole, chini ya hapo inaanza kukwama kwama kama video ya mtu anayemaliziamalizia bando. Wewe anza na 12. Sasa 12 mara sekunde 60 ni michoro 720 kwa dakika moja, na rimu ya karatasi ina 500, yani dakika moja tu ishamaliza rimu na umefungua ya pili. Kuna jamaa alinipigia Jumanne anataka katuni ya dakika tano ya biashara yake, anaitaka Ijumaa, na bei aliyotaja isingetosha hata mafuta ya jenereta. Tangu siku hiyo mteja akipiga nafanya hesabu naye kwenye simu, kwa sauti, 12 mara 60 mara tano, alafu nanyamaza.

Mpira kwanza

Zoezi la mpira unaodunda watu wanaliruka sababu linaonekana la kitoto. Usiliruke, mimi nililiruka nikaja kulirudia baada ya mwaka mzima wa kushangaa kwanini wahusika wangu wanaelea kama wapo mwezini.

Chukua karatasi ya A4 isimame wima. Piga mstari wa sakafu sentimita mbili kutoka chini. Mpira wako uwe na upana wa sentimita mbili. Kwenye mchoro wa kwanza kitako cha mpira, yani chini yake kabisa, kiwe sentimita 25 juu ya sakafu, mchoro wa pili 24, wa tatu 21, alafu 16, alafu 9, alafu sifuri, umegonga. Ukiangalia hapo umeshuka 1, ukashuka 3, 5, 7, 9, namba witiri zinafuatana. Sijatunga, kitu kinachoanguka chenyewe ndivyo kinavyoanguka, ni ile fizikia ya sekondari tuliyokaririshwa bila kuambiwa inafaa wapi. Sasa unapanda, ila haufiki ulipotoka: 7, 12, 15, 16, hapo juu unapunguza mwendo mapengo yanabana, alafu unarudi 15, 12, 7, sifuri. Mdundo unaofuata ni 5, 8, 9, 8, 5, sifuri. Alafu 3, 4, 3, sifuri. Alafu 1, sifuri, umetulia. Kila mchoro sogeza mpira milimita 7 kwenda kulia ili usidunde sehemu moja. Jumla michoro 26, sekunde mbili na chenji, na hautatoka nje ya karatasi nimeshapima.

Huo ni mpira wa dukani. Mpira wa chandimu, ule wa kusokota matambara na mifuko unafunga na kamba, haudundi hivyo hata siku moja. Ukiuachia toka 25 unagonga, unapanda labda mpaka nne, unagonga, basi. Chora duara lilelile, kalamu ileile, badilisha namba tu, na mtu yeyote aliyecheza chandimu atakwambia huu wa matambara bila kuonyeshwa hata kamba moja.

Kitu kingine kwenye zoezi hilihili ni ukubwa. Mpira wetu umetumia mapengo matano kufika chini, kwa michoro 12 kwa sekunde hiyo ni kama umeachiwa toka kiunoni kwa mtu. Nazi ikidondoka toka kwenye mnazi wa mita 20 inachukua sekunde mbili nzima, yani michoro 24 hewani. Ukiidondosha kwa michoro mitano mnazi wako utaonekana wa kuchezea watoto, hata ukiuchora vizuri vipi na majani yake yote.

Na kubonyea. Mchoro ule unaogusa sakafu ubonyeze mpira ukae bapa kama andazi lililokaliwa, na mchoro mmoja kabla ya kugusa urefushe kidogo uwe kama yai. Ukiubana kwa juu lazima utanuke pembeni, ujazo ubaki uleule, la sivyo unaonekana unatoka upepo. Jiwe usilibonyeze, na chandimu bonyeza kidogo tu.

Za kuchora

Hii ndo mama yao. Mwaka 1908 huko Ufaransa Émile Cohl alichora kama michoro 700 kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, alafu filamu akaigeuza rangi, nyeupe ikawa nyeusi, watu wakaona kama chaki inatembea kwenye ubao. Haizidi dakika mbili. Vikatuni vyake ni vya vijiti tu, kichwa duara mikono mistari, na bado vinachekesha mpaka leo, kwaiyo kile kisingizio cha kuchora tumeshakizika.

Kama huna simu nzuri tumia kaunta buku. Anza ukurasa wa MWISHO urudi mbele, wengi wanaanza mbele alafu wanalalamika hawaoni mchoro uliopita. Ukianzia nyuma, ukurasa unaoulaza juu unaonyesha kwa mbali mchoro wa chini yake, unachora juu ya kivuli chake umesogeza kidogo. Kwenye simu apu ya FlipaClip inafanya hivyohivyo, kuna setingi inakuonyesha fremu iliyopita kwa rangi iliyofifia, iwashe na usiizime. Kwenye kompyuta Krita na Pencil2D ni bure na hazisumbui, OpenToonz nayo bure ila inakutaka uvumilivu, siku ya kwanza utaifunga.

Kuna njia mbili za kuchora mwendo. Moja unaanza mchoro wa kwanza unaenda nao mpaka wa mwisho, haurudi nyuma, inafaa kwa moshi, moto, maji, vitu visivyotabirika. Nyingine unachora kwanza fremu kuu, yani pozi zile muhimu tupu, alafu ndo unarudi kujaza katikati. Kwa mtu na mnyama tumia hii ya pili, maana ile ya kwanza mhusika anaanza na kichwa saizi ya chungwa anamaliza na cha tikiti na wewe hujui kilikua saa ngapi.

Mfano mtoto anarusha jiwe aangue embe. Fremu kuu ya kwanza kasimama anaangalia juu. Ya pili mkono umeenda nyuma kabisa, mwili umeinama nyuma, mguu wa mbele umenyanyuka. Ya tatu mkono uko mbele, jiwe limeshatoka. Ya nne mwili umepitiliza mbele karibu aanguke. Sasa ile ya pili, ya kujivuta nyuma, ndo watu wanaisahau, na bila hiyo jiwe linaonekana limetoka lenyewe mkononi. Mpe michoro mingi kwenye kujivuta, hata sita, mmoja au miwili tu kwenye kurusha, alafu mingine minne ya kutulia. Na vitu vinavyoning'inia vichelewe: mwili ukisimama shati bado linakwenda, kanga bado inakwenda, ndo inarudi. Mkono nao usiupitishe mstari ulionyooka, viungo vya mwili vinazunguka kwenye bega na kiwiko kwaiyo ncha ya mkono siku zote inachora upinde. Weka nukta kwenye kila mchoro pale ngumi ilipo, alafu unganisha nukta, ukiona mstari umekunjika kama bati, rekebisha hapo.

Za karatasi

Kama kuchora mara 720 kunakutisha, chora mara moja. Kata manila, kichwa peke yake, kiwiliwili peke yake, mkono juu ya kiwiko na chini ya kiwiko, mguu hivyohivyo, unganisha viungo kwa uzi uliofungwa fundo mbele na nyuma, laza mezani, simu iangalie chini, unasogeza kiungo unapiga picha. Mjerumani mmoja mama anaitwa Lotte Reiniger alitoa filamu ndefu nzima ya namna hii mwaka 1926, sanamu za karatasi nyeusi zimekatwa kwa mkasi na kuunganishwa kwa waya, mwanga unatoka chini ya kioo kwaiyo unaona vivuli tu. Ilimchukua kama miaka mitatu. Ukitaka kujaribu kivuli chake unahitaji kioo, karatasi nyeupe juu ya kioo, na taa chini, basi, na uzuri wake kasoro za rangi na sura hazionekani.

Simu kuangalia chini ni tatizo la kipekee. Mimi naweka stuli mbili, rula mbili ngumu zinalala kati ya stuli na stuli, simu juu ya rula kamera katikati, nabandika na gundi ya karatasi isiteleze. Mhusika analala sakafuni. Mgongo utakuuma.

Kwenye kompyuta mambo ni yaleyale ila badala ya uzi unaweka mifupa, unavipa viungo mahali pa kuzungukia, na programu inakujazia katikati. Katuni nyingi za TV zinatengenezwa kwa mtindo huu sababu ni rahisi kwa gharama. Tinga Tinga Tales ya Nairobi iliyoanza kuonyeshwa 2010 ilichukua sura za michoro ya tingatinga ya Dar, na ukifikiria tingatinga yenyewe, maumbo bapa, mstari wa nje uko wazi, rangi za mafuta zinang'aa, nukta kila mahali, imekaa kama imezaliwa kukatwa vipande. Tatizo la mtindo huu ni uvivu wake, programu inajaza katikati kwa mapengo sawa sawa usipoiambia vingine, ndo unaona katuni mtu anaongea mikono inapepea kama ya mwanasesere. Kila programu ina sehemu ya kulegeza mwanzo na mwisho wa mwendo, ingia humo uweke mapengo madogo mwanzoni na mwishoni. Namba witiri zako uzikumbuke.

Stopmosheni, na siku niliyolia

Kizibo kile kilikuwa stopmosheni, yani unasogeza kitu halisi kidogo kidogo na kila hatua unakipiga picha. Unaweza tumia udongo, plastisini (ule udongo laini wa rangi wa kuchezea watoto), wanasesere, maharage, vijiko, au binadamu mwenyewe anasogea hatua moja anasimama. Apu ya Stop Motion Studio ina toleo la bure na inatosha.

Mara yangu ya kwanza kufanya kwa umakini nilitengeneza kobe wa plastisini anavuka barabara ya maboksi. Nilikaa dirishani sababu mwanga ulikuwa mzuri, nikaanza saa nne asubuhi, saa tisa nimemaliza picha 190. Nikazicheza. Kobe alitembea vizuri sana, ila dunia nzima ilikuwa inawaka na kuzimika kama disko, kila wingu lililopita lilikuwa limeingia kwenye picha na mimi sikuliona maana macho yanazoea. Kivuli cha kobe kilianza kulia kikaishia kushoto. Kama hiyo haitoshi simu ilikuwa ikipokea meseji inatetemeka, kila baada ya picha kadhaa barabara inaruka. Nilifuta zote.

Kwaiyo: funga pazia, tumia taa ya umeme moja au mbili ambazo hazisogei, ndege iwashe, yani simu iweke isipokee chochote. Kwenye kamera bonyeza kioo uzuie kidole mpaka ikuonyeshe kufuli, hapo fokasi na mwanga vimefungwa haviwezi kujibadilisha vyenyewe, kama simu yako ina modi ya mtaalamu weka na rangi ya mwanga iwe moja. Usiguse simu kupiga, chomeka earphone za waya, kwenye simu nyingi kile kitufe cha kuongeza sauti kinapiga picha. Vaa nguo nyeusi, hii watu wanacheka ila shati jeupe linarudisha mwanga kwenye meza na kila ukisogea picha inabadilika. Chora na mkaa au chaki mahali miguu ya meza ilipo, siku mdogo wako akiisukuma utajua irudi wapi.

Plastisini kwa joto la Dar inalainika kobe anaanza kuinama shingo, mweke kwenye friji dakika kadhaa kila baada ya muda. Udongo wa mfinyanzi nao unapasuka ukikauka, funika na kitambaa kibichi ukienda kula. Mhusika mwenye miguu miwili lazima awe na waya ndani, ule waya wa kufungia nondo unafaa, sokota mbili pamoja maana mmoja ukiukunja sana unakatika, na kila mguu uache ncha ya waya itokeze chini uichome kwenye boksi asianguke.

Kunakili video

Max Fleischer wa New York ndo aliyeleta kifaa cha kupitishia filamu ya mtu halisi chini ya kioo ukachora juu yake, hati miliki yake ilitoka 1917, na aliyevaa nguo za kikaragosi akarekodiwa alikuwa mdogo wake Dave. Leo unamrekodi rafiki yako anacheza singeli, unaingiza video kwenye FlipaClip leya ya chini, yani tabaka la chini, unachora juu. Sio wizi kama video ni yako. Ila usinakili kila fremu, chukua moja uruke moja, alafu pozi zile kali uzizidishe, kiuno kikienda kulia kidogo wewe kipeleke sana, maana ukinakili kama kilivyo kinatoka kitu kimekufa kidogo, sijui kwanini mwili wa kweli ukiutoa nyama unapoa.

3D na maandishi yanayotembea

3D nitapita haraka, inataka andiko lake. Unajenga umbo kwenye kompyuta, unalipaka, unalitia mifupa, unaweka fremu kuu, unaweka taa, alafu mashine inapiga picha yenyewe moja moja, hiyo ndo kurenda. Programu ya Blender ni bure kabisa, na usidharau bure, filamu ya Flow ya Latvia ilirendiwa humohumo na ikabeba Oscar ya filamu ndefu ya katuni mwaka 2025. Piga hesabu: fremu moja ikichukua dakika mbili kwenye laptop yako, sekunde kumi ni fremu 240, ni masaa nane. Sasa kwa umeme wetu huu, usirende moja kwa moja kuwa video. Renda picha moja moja kwenye folda, umeme ukikatika fremu ya 180 ukirudi unaendelea na 181, ukirenda video umeme ukikatika faili limekufa lote unaanza upya usiku wa pili.

Maandishi na logo zinazotembea wasanii wanaziona za chini ila hela ya haraka iko hapo, kadi za harusi za video, matangazo ya duka, mwanzo wa video za YouTube. Mapengo ndo yaleyale, jina la bibi harusi likiingia kwa mwendo sawa mpaka mwisho likasimama ghafla linaonekana limegonga ukuta, likipunguza mwendo kabla ya kusimama linaonekana limekaa kwenye kiti.

Kutembea

Hatua mbili kwa sekunde moja, yani michoro sita kila hatua, huo ni mwendo wa mtu wa kawaida. Kwenye kila hatua kuna pozi nne: kisigino kinagusa miguu imeachana, mwili unashuka uzito unaingia mguu wa mbele, mguu wa nyuma unapita pembeni ya uliosimama, mwili unapanda juu kidogo unajiandaa kutua. Kichwa kinachora mawimbi. Mkono wa kulia unaenda na mguu wa kushoto.

Ukishajua hayo nenda kakae karibu na bomba la maji asubuhi uangalie mama aliyebeba ndoo kichwani. Kichwa hakichori mawimbi, kinakwenda kwenye mstari kama reli, ule mpando na mshuko wote umeliwa na magoti na kiuno. Hatua zinakuwa fupi, mkono mmoja juu au hakuna, shingo imenyooka, na akitaka kukuangalia anageuza mwili mzima. Chora hiyo, alafu ifute ndoo. Kama watu bado wanaiona ndoo umefaulu.

Midomo ya Kiswahili

Chati nyingi za midomo utakazokuta mtandaoni zimetengenezwa kwa Kiingereza, zina midomo kumi na kitu na nusu yake hatuihitaji. Kiswahili silabi karibu zote zinaishia na vokali na vokali ni tano. Kwaiyo chora mdomo wa a, e, i, o, u, ongeza mmoja uliofungwa wa m, b na p, na mmoja wa meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Saba tu. Konsonanti zingine ziache, s, k, t, n, zinapita ndani watu hawazioni.

Shikamoo ni i, a, funga, o, na hiyo o ikae. Marahaba ni funga, a ndefu, funga, a, maana r na h hazionekani, mdomo unakaa wazi unafungwa mara moja tu karibu na mwisho. Mtu akiongea kawaida kila silabi inakula michoro miwili mpaka mitatu. Mdomo uliofungwa usiuruke hata mtu akiongea haraka vipi, upate angalau mchoro mmoja, ukikosekana hapo mtazamaji anaona sauti imepandikizwa. Mdomo utangulie sauti kwa fremu moja, ukichelewa unajulikana papo hapo. Na mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, hapo ndo ufungue mdomo zaidi na kichwa kishuke kidogo. Zoezi: angalia Ubongo Kids, katuni hii ya Dar iliyoanza 2014, zima sauti, uone unaweza kukisia maneno mangapi kwa midomo tu.

Sauti

Rekodi sauti KABLA ya kuchora, siku zote. Ingia ndani ya kabati la nguo au jifunike blanketi, simu kiganja kimoja toka mdomoni, feni zima. Mwambie anayetoa sauti asimame, aliyekaa anasikika amekaa. Alafu sikiliza uandike kwenye karatasi, silabi hii mchoro namba fulani, silabi ile mchoro namba fulani, ndo uanze kuchora. Sauti za vitu tengeneza mwenyewe: hatua kwenye majani makavu ni kukanyaga mfuko wa chipsi, mvua ni mchele kwenye sinia, mfupa kuvunjika ni muhogo mbichi.

Ukimaliza na unataka kumtumia mteja au rafiki, usiitume WhatsApp kama video ya kawaida, itabanwa na ile mistari yako myembamba uliyoihangaikia itakuwa ukungu. Itume kama dokyumenti. Na zile picha zako zote za mwanzo, hata kama umejaza memori, ziweke kwenye flashi usizifute mpaka hela iwe imeingia, maana atarudi kusema shati la kobe alitaka la kijani.